Dola 2,400 za Ushauri wa Kuingia Chuo cha Udaktari Marekani: Nilichopata na Nilichokikosa

Nilipoanza mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza ya biolojia hapa Columbus, katika jimbo la Ohio, tulilipa dola 2,400 kwa kampuni moja inayowashauri wanafunzi wanaotaka kuingia vyuo vya udaktari vya Marekani. Fedha hizo tulizichanga na mama yangu, yeye kutoka katika zamu zake za usiku na mimi kutoka katika zamu zangu za mwisho wa juma, na kwa hiyo nimeona ni haki niipime huduma hii kwa umakini uleule ambao ningempimia mtu gari lililokwisha kutumika. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa ninachotaka kukipima ni aina ya huduma yenyewe, ambayo wauzaji wake ni wengi na vifurushi vyao vinafanana sana, na pia kwa kuwa baadhi ya kasoro nilizokutana nazo huenda zilikuwa za mtu mmoja mmoja.

Msomaji aliyelelewa katika mfumo wa nyumbani atauliza kwanza kwa nini biashara ya namna hii ina wateja. Mjomba wangu wa Tanga aliuliza hivyohivyo, tena kwa mshangao, kwa sababu kwake mambo ni mepesi: mtoto anasoma PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, anafaulu vizuri kidato cha sita, anaomba Muhimbili, na baada ya miaka mitano ya masomo na mwaka wa mazoezi kazini anaitwa daktari. Hapa mtu humaliza kwanza shahada ya miaka minne, ndipo aombe kusoma udaktari kwa miaka minne mingine, na alama nzuri humfikisha mlangoni tu. Kuna mtihani wa kuombea vyuo vya udaktari, MCAT, ambao pamoja na mapumziko yake humkalisha mtu karibu saa saba na nusu, na matokeo yake huwa kati ya alama 472 na 528. AAMC, yaani jumuiya ya vyuo vya udaktari vya Marekani, hutoa takwimu kila mwaka, na takwimu hizo huonyesha kwamba waombaji zaidi ya 50,000 hugombea nafasi takriban 23,000. Lililonishtua zaidi ni kwamba hata katika kundi la juu kabisa, la wenye GPA, yaani wastani wa alama za shahada ya kwanza, inayozidi 3.79 na MCAT inayozidi 517, karibu mmoja kati ya watano hubaki nje. Huyo anayebaki nje hakukosa biolojia wala kemia. Alikosa kitu kingine, na hicho kingine ndicho makampuni haya yanadai kukiuza.

Kifurushi chetu kilikuwa na mambo matano: kalenda ya maombi, uchaguzi wa vyuo, mapitio ya shughuli zangu za nje ya darasa, uhariri wa insha, na mazoezi ya usaili. Sitayagawia nafasi sawa hapa, kwa sababu hayakuwa na thamani sawa hata kidogo.

Kalenda na orodha ya vyuo naviweka kando upesi. Nilitumiwa jedwali lililoeleza kwamba fomu hufunguliwa mwezi Mei, kwamba ni vyema kuiwasilisha mwanzoni mwa Juni kwa sababu vyuo vingi husoma maombi kwa kadiri yanavyoingia na kuita watu kwenye usaili kabla hata tarehe ya mwisho haijafika, na kwamba baada ya hapo kila chuo hutuma maswali yake ya ziada pamoja na ada yake. Yote ni kweli, na yote yanapatikana bure kwenye tovuti ya AAMC. Orodha ya vyuo nayo ilikuwa imetolewa wazi kutoka MSAR, kanzidata ya AAMC yenyewe, ambayo kwa ada ndogo sana humwonyesha mwombaji viwango vya alama vya waliopokelewa katika kila chuo, masomo yanayodaiwa, na kama chuo kinapendelea wakazi wa jimbo lake. Jambo hili la ukazi ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa vyuo vingi vya umma hutenga sehemu kubwa ya nafasi zake kwa wenyeji, lakini hakuna haja ya kumlipa mshauri ili akusomee jedwali ambalo unaweza kulisoma mwenyewe jioni moja ukiwa na kikombe cha chai.

Katika kipengele hichohicho kulikuwa na pengo ambalo bado linaniuma. Hakuna aliyenitajia mpango wa AAMC wa kuwapunguzia gharama waombaji wenye kipato kidogo, ambao hushusha ada ya MCAT, hufungua MSAR bila malipo na huondoa ada ya maombi kwa idadi fulani ya vyuo. Mshauri wa bure wa chuo changu, ambaye nilimwendea kwa sababu nyingine kabisa, ndiye aliyeniuliza iwapo nimeshaomba msaada huo, akanionya kwamba msaada haurudi nyuma: ukishalipa kabla ya kukubaliwa, umeshalipa. Kampuni iliyokwishapokea dola 2,400 kutoka kwa familia ya watu wa zamu za usiku ilipaswa kuliuliza swali hilo siku ya kwanza.

Sasa nije kwenye saa moja iliyofanya nisijutie malipo yote.

Fomu ya AMCAS, yaani fomu ya pamoja ya maombi ambayo hutumiwa na vyuo vingi ingawa vile vya umma vya Texas vina mfumo wao, humpa mwombaji nafasi 15 za kueleza shughuli zake, kila moja kwa herufi 700, kisha humtaka achague tatu zenye uzito zaidi na aziongezee herufi 1,325. Nilikuwa nimejaza nafasi saba. Nilikuwa na mwaka mmoja wa utafiti maabara, saa 40 za kujitolea hospitalini nikisukuma viti vya magurudumu, saa 24 za kumfuata daktari wa figo kazini ili kuona anavyofanya, uongozi wa chama cha wanafunzi wa biolojia, kuwafundisha wenzangu kemia, na tuzo mbili za masomo. Mshauri wangu, mama wa makamo aliyeniambia kwamba aliwahi kukaa katika kamati ya udahili, aliisoma orodha hiyo kimya mbele ya kamera, akavua miwani, akaniuliza Ijumaa usiku huwa niko wapi.

Nikamjibu kwamba huwa niko kazini, katika nyumba ya kulelea wazee, ninakofanya kazi ya usaidizi wa wauguzi. Akataka kujua kazi hiyo ina nini ndani yake, nami nikaeleza: kuwaosha wazee, kuwalisha wasioweza kushika kijiko, kuwageuza kitandani kila baada ya saa mbili ili wasipate vidonda vya mgandamizo, kuwapima mapigo na joto, na kukaa na anayeita jina la mke aliyefariki zamani mpaka apate usingizi. Akauliza kwa nini hayo hayamo kwenye fomu. Nilisema ukweli wangu wote: kwa sababu ni kazi, nalipwa. Hapo alipiga hesabu mbele yangu, zamu mbili kila juma, saa nane kila zamu, kwa miaka miwili, akafika zaidi ya saa 1,500, kisha akasema kwamba kamati ikisoma saa 40 za viti vya magurudumu bila kuona hizi 1,500, itaamini kwamba mimi ni msichana aliyepita hospitalini kama mgeni.

Hakuishia hapo. Aliuliza Jumamosi, nikasema Jumamosi mchana huwa nawasaidia majirani. Majirani gani? Katika majengo tunayoishi kuna familia za Wakongo waliofika kama wakimbizi, na kwa kuwa tunaelewana kwa Kiswahili, huwa nawasomea barua za hospitali, nawajazia fomu na kuwapigia simu za kupanga miadi. Akaomba nimpe mfano mmoja, si wa kishujaa, wa kawaida tu, nami nikampa ule ambao hadi leo unanitia aibu kidogo. Mama mmoja wa kutoka Bukavu alinieleza kwamba mwanawe, alipokuwa angali kambini, alipelekwa kwa munganga akapewa dawa. Mimi mtoto wa Tanga nikasikia mganga, nikaanza kuandika kwenye fomu ya historia ya ugonjwa kwamba mtoto alitumia dawa za kienyeji. Bahati nzuri nina tabia ya kumsomea mtu nilichoandika. Nilipomfasiria, mama yule akashika kichwa: «Hapana, mama! Munganga wa hospitali, mwenye koti nyeupe!» Kwao munganga ndiye daktari. Neno moja, lugha moja, na mtoto angeingia kwa daktari wa Kimarekani akiwa na historia isiyo yake.

Mshauri alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba insha yangu ninayo tayari, na kwamba ile niliyomtumia, iliyoanza na nilivyopenda sayansi tangu utotoni, niiweke pembeni. AAMC imeorodhesha sifa 17 ambazo vyuo hutazamia kwa mwombaji, miongoni mwake unyenyekevu mbele ya tamaduni za wengine, kutegemeka, huruma na ustahimilivu. Nilikuwa nimeisoma orodha hiyo kama mtu anavyosoma masharti ya mkataba, nikijiuliza nitazipata wapi, ilhali baadhi yake nilikuwa nikizifanyia kazi kila Jumamosi nikiwa na kalamu ya wino mkononi.

Naomba niseme jambo hapa ambalo halimo katika kijitabu chochote cha kampuni, lakini nadhani wasomaji wa malezi yangu watalitambua. Sisi tulilelewa kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayeeleza mema aliyowatendea majirani zake anaonekana ameyatenda ili ayaeleze, na msichana anayeanza kila sentensi kwa «mimi» huambiwa hana haya. Fomu ya AMCAS inadai chema kijitembeze, tena kwa herufi 700 kamili. Wenzangu wengi darasani, watoto wa madaktari, walikuwa wamezoea tangu sekondari kuyaandika maisha yao kwa namna hiyo na hata kuyapanga kwa ajili hiyo. Kwangu mimi kazi ya kulipwa ilikuwa riziki, na kuwasaidia Wakongo ulikuwa ujirani, hivyo havikuwa vitu vya kuandikwa. Mtu wa nje, asiyeona aibu yangu, ndiye aliyeweza kuniuliza. Kama kuna kitu ambacho fedha zetu zilinunua, ni hicho.

Baada ya hapo huduma ilianza kuteremka. Nilihamishiwa kwa mshauri wa pili, kijana mwenye adabu na haraka nyingi, ambaye katika kikao cha kwanza alipendekeza «nikuze wasifu wangu wa kimataifa» kwa safari ya wiki mbili ya kujitolea katika hospitali moja ya Arusha, ambayo kampuni ingeweza kuniunganisha nayo kwa dola 3,900 bila nauli. Nilipomsimulia mama, alicheka mpaka akaketi. «Mwanangu, nikulipie uende kwenu ukajitolee wiki mbili, halafu urudi useme umeiona Afrika?» Ukiacha kichekesho hicho, pendekezo lenyewe lina hatari. AAMC ilitoa miongozo mwaka 2011 inayowatahadharisha wanafunzi wasifanye nje ya nchi matendo ya kitabibu ambayo wasingeruhusiwa kuyafanya Marekani, na mwanafunzi anayejigamba kwamba alishona jeraha au kuzalisha mama akiwa na miaka 20 hujiharibia mbele ya kamati inayojua maana ya kumlinda mgonjwa. Kijana yule hakuyataja hayo.

Uhariri wa insha nao niliupokea kwa huzuni. Insha hiyo haipaswi kuzidi herufi 5,300, nafasi baina ya maneno zikiwemo, na yangu ilikuwa imezidi kwa herufi mia tatu hivi. Nilitarajia mhariri anionyeshe pa kupunguza. Iliporudi, neno munganga lilikuwa limeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na maelezo ya jumla juu ya vizuizi vya lugha, na pale nilipokuwa nimeandika kwamba nilikata mstari, nikaandika upya na kumwomba radhi mama yule, palikuwa na aya nzima inayosema kwamba wakati huo nilitambua wito wangu wa kuwa daraja baina ya dunia mbili. Sikutambua wito wowote wakati ule. Nilikuwa naogopa kwamba ningeandika kosa lingine. Mwombaji huthibitisha kwenye fomu kwamba maandishi ni yake mwenyewe, na kwa hiyo uhariri wa kiwango hicho si suala la ladha tu. Nilirudisha munganga mahali pake, nikafuta daraja, nikapunguza herufi zangu mwenyewe kwa kuondoa sentensi kuhusu tuzo.

Kuhusu barua za mapendekezo sina mengi. Kampuni ilinipa kiolezo cha kumwomba profesa barua, na kiolezo kilikuwa sawa. Ushauri ulionisaidia ulitoka tena kwa yule mshauri wa bure wa chuo, aliyesema niombe mapema, nimpe mwandishi muda na nakala ya wasifu wangu, na nisiwaache nje watu wanaoniona nikifanya kazi. Muuguzi mkuu wa zamu yetu aliniandikia barua, na katika usaili mmojawapo niliulizwa juu ya barua hiyo kabla ya jambo lolote la maabara.

Mazoezi ya usaili, kwa upande mwingine, yalikuwa mazuri, na haki yake ni kusifiwa. Vyuo kadhaa sasa hutumia usaili wa vituo vifupi vifupi, mtindo uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, ambapo mwombaji husoma kisa mlangoni kwa dakika mbili hivi, kisha huingia na kukijadili au kukiigiza kwa dakika chache kabla ya kengele kumhamishia chumba kinachofuata. Katika zoezi langu la kwanza niliigiza na mtu aliyejifanya mwanafunzi mwenzangu anayenuka pombe asubuhi ya zamu ya kliniki. Nilimpa hotuba ya dakika tano kuhusu maadili ya kazi, yenye mpangilio na hata mfano, na nilipotoka nilijiona nimefaulu. Mtathmini aliniambia kwa upole: «Hujamuuliza hata swali moja.» Niliporudia zoezi lile, nilianza kwa kumuuliza kama amelala usiku. Tofauti hiyo siwezi kusema ningeigundua peke yangu kwa kusoma maswali kwenye kitabu. Kati ya mazoezi manne niliyolipia nilifanyiwa matatu. La nne liliahirishwa mara mbili na hatimaye likasahauliwa, na barua pepe zangu mbili za kulidai hazikujibiwa.

Niwakumbushe pia walio hapa kwa viza ya mwanafunzi, maana hapo kimya cha wauzaji hawa ni cha gharama kubwa. Vyuo vingi vya udaktari vya Marekani havipokei kabisa waombaji wasio raia wala wakazi wa kudumu, na baadhi ya vinavyopokea hudai mwanafunzi aonyeshe, au hata aweke amana, karo ya miaka kadhaa, kwa kuwa mikopo ya serikali ya shirikisho si yake. Mimi nilikuwa na kadi ya ukazi kupitia kwa mama, kwa hiyo halikunigusa. Rafiki yangu Mkenya, ambaye yuko kwa viza ya F-1, alilipia kifurushi kilekile na kuandaliwa orodha ya vyuo 20 kama yangu tu, na ni yeye mwenyewe, alipokuwa akizipitia kurasa za vyuo hivyo kimoja kimoja, aliyegundua kwamba visivyozidi vitano vingeweza hata kulisoma ombi lake.

Nilialikwa kwenye usaili katika vyuo vitatu na nikapokelewa na kimoja, ambako naanza Agosti. Ni kiasi gani cha matokeo hayo kimetokana na kampuni sijui namna ya kukipima, na wao walipoomba niandike ushuhuda wa kuwekwa kwenye tovuti yao niliwaandikia kuhusu ile saa moja na lile zoezi lililosahauliwa, wakachapisha nusu ya kwanza tu.

Nyota ninazowapa ni tatu kati ya tano: tano kwa mshauri wa kwanza, nne kwa usaili, moja kwa yaliyosalia. Binamu yangu, ambaye yuko mwaka wa pili na ana macho kwenye njia hiihii, hatanunua kifurushi. Kampuni hiyo huuza pia vikao vya saa moja moja kwa dola 180, ingawa bei hiyo haionekani kwenye ukurasa wao na lazima upige simu uiulize. Nimemwelekeza anunue kimoja tu, amtake yule mama kwa jina, na kabla ya siku hiyo aandike kwenye karatasi kila mahali alipokuwa kwa juma zima, saa kwa saa, pamoja na duka la shangazi anakouza vitenge na yale mabadiliko ya bendeji anayomfanyia bibi yake kila asubuhi, ambayo jana tu aliniambia hayahusiani na udaktari.